Usingizi Niliolindiwa na Mama

Nilifika nyumbani Jumapili mchana nikiwa hoi bin taabani. Baba alikuwa amechuchumaa kibarazani, cherehani imelazwa ubavu mbele yake, kopo la mafuta mkononi. Alinitazama kuanzia viatuni, akapanda taratibu mpaka kichwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Profesa. Kumbe chuo kimekula nyama kikaturudishia mifupa. Hebu ingia ndani kabla upepo haujakubeba."

Hilo la Profesa ndilo jina langu pale nyumbani tangu darasa la tatu, siku nilipomsahihisha mwalimu hesabu ya kugawanya mbele ya mkaguzi. Mwalimu hakunisamehe, na baba hakusahau.

Sikuwa na nguvu hata ya kucheka. Muhula ule ulinikamua. Nasomea upimaji wa maji, mwaka wa pili, na tulikuwa na masomo saba, ripoti ya maabara kila Ijumaa, na mwalimu mmoja aliyekuwa akikurudishia ripoti nzima eti pambizo la kushoto ni jembamba. Wiki mbili za mitihani nililala kwa vipande, saa mbili hapa, saa moja pale, vitabu vikiwa kifuani. Mtihani wa mwisho nilipoumaliza nililaza kichwa kwenye dawati, na msimamizi akaja kuniamsha chumba kikiwa kitupu. Katikati ya hayo yote simu yangu iliniponyoka ikazama kwenye ndoo ya kufulia, ikafa palepale.

Jambo moja lilikuwa limebaki, na lilikuwa kubwa kuliko mitihani. Chuoni kwetu huingii mwaka wa tatu bila kufanya mafunzo kwa vitendo likizo hiyo, miezi miwili kamili ndani ya maabara. Ukikosa, unakaa nyumbani mwaka mzima ukisubiri likizo nyingine kama hiyo. Na nafasi zenyewe ni za kugombania. Nilibisha hodi maabara sita. Nikaambiwa zimejaa, nikaambiwa nirudi kesho, na mlinzi mmoja hata geti hakunifungulia, tuliongea kwenye tundu. Ya saba ilikuwa maabara ya maji iliyo mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwetu. Mkuu wake, mzee wa miwani mizito asiye na maneno mengi, aliyasoma matokeo yangu mara mbili, akasema nafasi ni moja na angependa kunipa mimi. Angenipigia simu wiki ya kwanza ya likizo kuthibitisha, na Jumatatu inayofuata niripoti kazini. "Nisipokupata namchukua anayefuata," alisema. Kwa kuwa simu yangu ilishakuwa marehemu, nilimwandikia namba ya simu ya kazi ya mama.

Mama ni fundi wa sare za shule. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo karakana yake: cherehani nne, meza ya kukatia iliyochubuka kingo, majora ya kitambaa cha kijani na cha buluu yameegemezwa ukutani, na vumbi la chaki kila unapoweka kiwiko. Simu ya kazi, ile ya vibonye, ilining'inia kwenye msumari juu ya meza. Chini yake kulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na daftari hilo lilikuwa na sheria moja ambayo hata mimi na usomi wangu niliiogopa: anayepokea simu anaandika. Siku, saa, nani kapiga, anataka nini, kajibiwa nini. Jambo likimalizika linatiwa alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Zamani mama aliwahi kushona sketi arobaini za marinda kwa shule iliyotaka sketi zisizo na marinda, kwa sababu aliyepokea simu alitegemea kichwa chake. Tangu hapo hataki kusikia habari ya "nitakumbuka". Hata shangazi akipiga kusalimia, anaandikwa: Jumanne, saa tano, wifi, anasalimia, nimemjibu salama. Kisha vema nyekundu.

Siku hiyo mama aliposikia sauti yangu aliacha nguo chini ya sindano, akaja kunikumbatia futi ikiwa bado shingoni. Alinishika mabega, akanigeuza huku na huku kama nguo iliyorudishwa na mteja.

"Mwanangu, umekwisha. Wanawafanyisha nini huko?"

"Tunasoma, mama."

"Kusoma gani huku kunakomtoa mtu mifupa ya shingo!"

Hata kukaa sijakaa, nikamwambia habari ya simu ya maabara. Nilimweleza vizuri, polepole, kwamba nikiikosa nimekosa mwaka. "Ikilia niamshe. Hata kama nimelala vipi, nimwagie maji."

Mama akacheka. "Simu nitaisikia mimi. Kazi yako wewe ni kulala."

"Niahidi, mama."

"Huyu mtoto ananiapisha mimi mama yake! Haya, nimeahidi. Niko hapa. Kaoge ulale."

Nikalala. Nasema nikalala, lakini neno lenyewe halitoshi. Nilizama. Niliamka kuoga, kula, kunywa chai, kukaa dakika kumi juani nyuma ya nyumba, nikarudi kitandani. Jumatatu sikuijua ilivyopita, Jumanne vilevile. Mara mojamoja nilikuwa nasikia, katikati ya usingizi, mama akiwatuliza watu upande wa pili wa ukuta. "Polepole, Profesa amelala." Cherehani iliyokuwa imegusana na ukuta wa chumba changu aliihamisha, akaisukuma yeye na baba mpaka dirishani. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mwenye sauti ya kuita mtaa mzima, alikuja kuulizia sare zake, nikamsikia akinong'ona kama yuko wodini. Nilijifunika shuka nikatabasamu peke yangu. Nilijiona binti mwenye bahati. Nilifikiri juu ya wenzangu ambao wakifika nyumbani wanakabidhiwa ufagio kabla hawajavua viatu, nikawaonea huruma.

Alhamisi niliamka kichwa kikiwa chepesi kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nikaenda karakana, na hapo ndipo nilipoona hali ilivyokuwa. Mkataji wa mama, mtu aliyefanya naye kazi miaka sita, alikuwa ameondoka mwezi mmoja nyuma kwenda kufungua mahali pake. Aliyekuja baada yake aliharibu jora zima la kijani, mikono yote ya mashati ilitoka ya upande mmoja, akafukuzwa siku ya pili. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki mbili. Kitambaa kimelala mezani hakijaguswa, mama na mshonaji wake wanahangaika kukata wenyewe na kushona wenyewe. Na mimi nimeshika mkasi ule tangu nikiwa na miaka kumi na nne. Kukata ndiyo kazi pekee ya pale ninayoipenda. Chaki inapita, mkasi unafuata, mkono hautetemeki.

"Simu haijaja, mama?"

"Simu zinalia kutwa, mwanangu," alijibu akiwa ameinamia mashine. "Watu wa sare watupu."

Baba, aliyekuwa chini ya cherehani ya pili akikaza mkanda, aliangusha bisibisi. Akaiokota, akasema humo ndani kuna joto, akatoka nje. Nilimcheka. Nilidhani ni uzee.

Mama akaniambia kwamba nikijisikia vizuri nikate mbili tatu, za kunyoosha mkono tu. Sikukataa, nilikuwa nimelala siku tatu na mwili ulikuwa unawasha kwa kukosa kazi. Nilipoanza, akamwita mshonaji aje aone. "Angalia mkono huu! Mwangalie anavyozungusha shingo ya shati! Huyu wangemwacha tu kwangu, hizo chupa za maji wakapime wengine." Nilivishwa kilemba cha ukoka mchana kutwa na nilikivaa kwa raha zangu. Mbili tatu zikawa thelathini. Jioni mgongo uliniuma na nilifurahi.

Ijumaa furaha ilipungua. Wiki ilikuwa inakwisha na simu haijaja. Namba ya mkuu wa maabara nilikuwa nayo kwenye kikaratasi. Mchana nikaitoa simu kwenye msumari.

"Unampigia nani?" Mama alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kifuko chake.

"Mkuu wa maabara. Nimuulize tu."

"Mwanangu, wakubwa hawafuatwifuatwi. Kasema atapiga, atapiga. Ukimsumbua atakuona huna subira, na nafasi yenyewe atakunyima."

"Na kama amesahau?"

"Mtu mwenyewe si ulisema ni mtu makini? Labda wamechelewa na mambo yao. Jumatatu bado."

Nilikaa na simu mkononi muda kidogo. Nikawaza, mama amefanya kazi na wakuu wa shule miaka ishirini, wakali na wapole, anajua namna ya kwenda nao kuliko mimi. Nikairudisha msumarini. Baadaye baba akaniletea mayai mawili ya kuchemsha kwenye kisahani, kitu ambacho hajanifanyia tangu ning'oke meno ya utoto. Alisimama pale kama mtu anayetaka kukopa maneno.

"Kula, mama," akaniambia, kisha akaenda zake.

Jumamosi asubuhi mama alikwenda kununua vifungo. Nilibaki mezani, mshonaji yuko kwenye mashine yake, baba yuko kibarazani. Akaja mama mmoja mwenye mapacha, amebeba mfuko, amekunja uso tangu mlangoni. Sketi mbili, alisema, moja imemkaa mtoto vizuri na ya pili inamdondoka mpaka magotini, na watoto wenyewe wanalingana kama sarafu.

"Vipimo nilivitaja mwenyewe kwenye simu, Jumatano. Angalieni kama sikuwaambia vizuri."

"Usijali, mama, vitakuwa vimeandikwa," nikamwambia. Nikavuta daftari, nikafunua nyuma mpaka Jumatano. Nilivipata. Jumatano, saa tano kasoro, mama wa mapacha, viuno viwili vinavyolingana, jibu Ijumaa zitakuwa tayari. Mwandiko wa mama, uliosimama wima. Kosa lilikuwa letu, namba moja ilisomwa vibaya. Na mstari wa juu yake, kwa mwandiko uleule, kulikuwa na maneno haya:

Jumatano, saa nne. Mkuu wa maabara ya maji. Anamtaka binti aripoti Jumatatu saa mbili. Jibu: anaumwa, hataweza, achukue mwingine.

Na mwishoni, vema nyekundu.

Niliusoma mara tatu. Mara ya kwanza, msinicheke, nilijiuliza huyo binti anayeumwa ni nani. Mara ya pili nikapitisha kidole chini ya kila neno. Mara ya tatu nikaelewa mpaka namna mama alivyojikamatisha mwenyewe. Alikuwa ameweza kunificha mimi, alimficha mshonaji, alimfunga mdomo baba, lakini mkono wake wa miaka ishirini hakuuweza. Simu imepokelewa, lazima iandikwe. Jambo limemalizika, lazima litiwe vema. Sidhani hata alijua kwamba anaandika.

"Umeviona?" aliuliza yule mteja.

"Nimeviona, mama. Kosa ni letu. Samahani sana." Nikaitoa sketi mfukoni, nikaikunja kiunoni, nikaichoma pini mbili pale pa kupunguza. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Alipoondoka nilikaa kwenye kigoda nikalifungua daftari mapajani nikamsubiri mama.

Aliingia akiimba, ameshika bahasha ya vifungo.

"Mama, mimi naumwa?"

"Unaumwa? Unaumwa nini tena?"

"Nakuuliza wewe. Wewe ndiye uliyesema."

Nikaligeuza daftari upande wake. Alitazama chini. Bahasha ilimshuka taratibu mpaka mezani. Mshonaji aliinuka akasema anakwenda kunywa maji, na sijui kama aliyanywa, maana hakurudi mpaka jioni.

"Nilikuwa nitakwambia," mama akasema.

"Lini? Jumatatu saa tatu?"

"Usinisemeshe hivyo. Nilikuja kukuamsha. Mungu anajua, nilikuja mpaka mlangoni. Ukawa umelala hivi, mdomo wazi, shingo imebaki fimbo. Nikasema huyu akienda huko sasa hivi ataanguka. Nilikuonea huruma, mwanangu."

"Ulinionea huruma mimi au ulizionea sare?"

Mama si mwongo wa kudumu, uongo ukimzidi huutua chini. "Vyote," akasema. "Mkataji kanikimbia. Shule tatu zinanisubiri. Na wewe uko chumba cha pili na mkono ule. Maabara ipo mwakani. Shule haziningoji mimi mwakani."

"Ungeniomba."

"Ungekubali?"

"Ningekukatia usiku na mchana kabla sijaondoka! Ningekukatia kila nikitoka kazini! Hukuniuliza. Ulichukua mwaka wangu mzima kama unaokota kipande cha kitambaa sakafuni." Sauti yangu ilikuwa imepanda mpaka mwenyewe naisikia ngeni. "Na Alhamisi nilikuuliza. Ijumaa nikakuuliza. Ukaniambia wakubwa hawasumbuliwi."

Baba alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama hapo, nusu ndani nusu nje.

"Na wewe ulijua?"

"Nilimwambia akuamshe," akasema, akimwelekezea mama kidevu.

"Ulimwambia yeye. Aliyekuwa amelala ni mimi, baba. Siku nne umepishana na mimi humu ndani."

"Sikutaka ugomvi nyumbani."

"Kwa hiyo ukanipa mayai."

Alitazama mikono yake yenye mafuta. Akaifuta kwenye suruali. Kumpoteza mmoja ningevumilia, ningekimbilia kwa mwingine kama nilivyozoea tangu utotoni. Siku ile nilitazama huku nikatazama kule, na hapakuwa na pa kukimbilia.

Nikaitoa simu msumarini, nikapiga. Mama hakunizuia. Ililia kwa muda mrefu, kisha sauti ya yule mzee ikaitika. Nikajitambulisha.

"Aa, binti," alisema, na sauti ikalainika kuliko nilivyomjua. "Pole sana. Mama yako alinieleza. Unaendeleaje?"

"Nimepata nafuu, mzee. Nilitaka kuuliza ile nafasi..."

"Nimeshampa mwenzako, jana jioni. Nilikushikia mpaka jana, sikutaka kukupoteza. Vijana huugua leo, kesho kutwa wako wima. Nilimwambia mama yako, akipata nafuu kabla ya Ijumaa jioni anipigie tu, nafasi ni yake. Hakukwambia?"

Mama alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Chumba kilikuwa kimya na simu ile ya zamani ina sauti kubwa, alisikia kila neno. Hilo la Ijumaa hakuliandika. Ijumaa mchana nilikuwa nimeishika simu ileile mkononi, namba ninayo, nafasi ni yangu, na yeye akazitoa pini mdomoni moja moja ili apate kunishauri.

Aliniangalia kwa macho ya kuniomba. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi: mzee, mimi sikuumwa, mama yangu amekudanganya. Pengine yasingenirudishia nafasi, lakini yangenisafisha.

"Aliniambia," nikasema. "Ni kwamba nilizidiwa. Asante sana, mzee."

"Ugua pole. Mwakani njoo mapema."

Nikakata simu. Sijui kwa nini nilimsitiri. Labda ni mazoea, mtu hazoei kumwanika mama yake kwa wageni. Lakini mama aliposhusha pumzi, akajishika kifua na kusema, "Asante, mwanangu," nilijuta mpaka meno yakauma. Alinishukuru kama nimempitishia chumvi.

Jumamosi ile na Jumapili yake sikupata usingizi, mchana wala usiku. Nilijilaza kwenye kitanda kilekile, nikitazama dari, nikiurudia wema wote wa wiki ile mmoja mmoja. Ile cherehani iliyosukumwa mpaka dirishani. Zile sauti za chini. Yale maji ya moto ya kuoga niliyokuwa nikiyakuta tayari. Nilikuwa nimedhani mama ananilinda mimi, kumbe tangu Jumatano alikuwa analinda usingizi wenyewe, usikatike kabla wiki haijaisha. Nililia, naam. Nililia kwa hasira, nikamwita majina ndani ya mto ambayo siyarudii hapa. Alikuja mara tatu kubisha mlango, na chai, na uji, na mikono mitupu. Sikuitika.

Jumatatu nilirudi mezani kukata. Msiniulize kwa nini. Watoto wa watu walikuwa wanasubiri sare na mimi na wao hatukuwa na ugomvi. Chuo kisingenipokea bila mafunzo, simu sina, pa kwenda sina. Nilichukua mkasi kwa kuwa ndicho kitu pekee mle ndani ambacho hakikunidanganya. Mama aliponiona nimefunga kitambaa kichwani na kushika chaki alifurahi, furaha ya mtu aliyesamehewa, na akapanda kwenye mashine yake akakanyaga kwa nguvu. Hakuniuliza kama nimemsamehe. Saa mbili ilipita. Niliitazama ikipita kwenye saa ya ukutani.

Kama saa tatu hivi akaingia mwalimu mkuu, yule wa sauti kubwa, kuchukua mzigo wa kwanza.

"Profesa! Kumbe umeamka! Juzi juzi mama yako ananiambia una nafasi yako maabara, nikajua leo sikukuti."

Kabla sijafungua mdomo, mama alishadakia. Alikuwa amevaa ule uso wake wa wateja, meno yote nje. "Ameamua kukaa na mimi mwaka huu. Kaona mama yake kazidiwa, kasema maabara itasubiri."

"Jamani!" Mwalimu mkuu aliweka mkoba chini, akapiga makofi. "Mtoto gani wa siku hizi anaweza hilo? Wangu mimi hata sahani hanioshei. Binti, umefanya jambo kubwa. Mungu akuzidishie."

Mama alikuwa anaitikia kwa kichwa, amejaa sifa, mguu unakanyaga, mashine inakwenda. Na mimi nikaona mwaka mzima umepangwa mbele yangu kama mashati yale. Kila mteja atakayeingia atasimuliwa hivyo. Nitapongezwa. Nitatakiwa nitabasamu. Baada ya muda mama mwenyewe ataamini, na baba, na siku moja labda hata mimi.

Nikaweka mkasi mezani.

"Sikuamua, mwalimu," nikasema. Sikupandisha sauti, nilisema kama ninavyosoma vipimo. "Maabara walipiga simu Jumatano nikiwa nimelala. Mama akapokea, akawaambia naumwa. Mimi nimejua juzi, nafasi imeshachukuliwa."

Mashine ilisimama katikati ya mshono. Mshonaji aliinamia nguo yake mpaka paji la uso likakaribia sindano. Mwalimu mkuu alinitazama, akamtazama mama, akatafuta mahali pa kuweka macho, mwishowe akaukumbatia mzigo wake wa sare na kusema atapita siku nyingine kwa zilizobaki. Viatu vyake vilisikika kibarazani, akampita baba bila kumuaga.

Mama hakugeuka mara moja. Alikaa ameshika gurudumu la cherehani kwa mikono miwili. Aliponigeukia uso wote ulikuwa umelowa.

"Umeniaibisha mbele ya mteja wangu."

"Ndiyo."

"Mimi nimekuzaa. Mimi ni mama yako!"

"Najua, mama," nikamwambia. "Ndiyo maana nililala."